Meza ya Fundi: Helikopta Huanzia Kwenye Kioo

Karibuni mezani. Mwezi uliopita niliwaomba mniandikie kuhusu helikopta za plastiki za kuunganisha, na barua zilizokuja zinalia kilio kimoja: vipande havikai. Nimechagua tano. Ya kwanza nitaikalia muda mrefu, maana ikieleweka hiyo, nyingine nyingi zimejibika. Kwa msomaji mgeni, mimi ni mstaafu wa maabara ya meno bandia, Moshi, na mengi ninayofundisha hapa mikono yangu iliyajifunza kule.

Shikamoo Mama. Kaka yangu aliyeko Ujerumani amenitumia sanduku la helikopta ya kivita ya Kirusi, Mi-24, kipimo cha 1/72. Nimeshaunganisha chumba cha marubani, sakafu, viti na ukuta wa nyuma. Maelekezo yanasema niweke uzito mbele ili isikalie mkia, nikaweka chubwi tatu za kuvulia chini ya sakafu. Sasa pande mbili za bodi hazifungi. Nikizibana kwa vidole zinafunga, nikiachia pua inafunguka. Na kioo cha rubani kikikaa kulia, kushoto kinabaki juu. Nimenunua fila nizibe. Niendelee? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba mwanangu. Hapana, usiendelee. Hiyo fila, dawa ya kuzibia mianya, irudishe kabatini. Pengine hutaihitaji kabisa. Bodi hujaitia gundi bado, kwa hiyo hakuna kilichoharibika.

Ninavyoisoma barua yako, tatizo haliko kwenye mshono unaouona. Liko tumboni. Bodi inayofunga ukiibana na kufunguka ukiiachia ina kitu ndani kinachoisukuma, na fila haizuii msukumo. Utaijaza leo, utaipiga msasa, utaipaka rangi, na baada ya miezi michache mstari mwembamba utatokea palepale puani kwa sababu plastiki haijaacha kusukuma. Hili nawaambia wote wanaokimbilia fila: fila ni ya mwanya uliotulia. Mwanya unaopumua hauzibiki.

Sasa nikupe kanuni ninayoifuata mimi kwa helikopta yoyote, iwe Mi-24, iwe Huey, iwe Alouette: anza na kioo. Ndege ya kivita yenye mabawa ina kioo kimoja tu juu ya rubani. Helikopta pua yake karibu yote ni kioo. Mi-24, kuanzia toleo la D, ina vibanda viwili vya kioo, mpiga silaha mbele, rubani nyuma yake na juu zaidi, na vyote vinakalia bodi nyembamba yenye nafasi finyu. Plastiki ya kijivu unaweza kuikwangua, kuijaza, kuisugua na kuipaka rangi, na hakuna atakayejua. Kioo hakikubali hata moja kati ya hayo bila kubaki na alama. Basi kioo ndicho kiwe kipimo, na vingine vyote vikifuate. Maelekezo ya masanduku mengi yanakiweka kioo mwishoni kabisa. Kukigundisha mwishoni ni sawa. Kukijaribisha mwishoni ndiko kunakoleta machozi.

Kitoe kioo kwenye fremu yake, vile vijiti vya plastiki vinavyoshikilia vipande sandukuni, leo hii. Ni polistirini kama vipande vingine, lakini ile isiyochanganywa na kitu: ngumu, kavu, hupasuka badala ya kupinda. Usikivunje kwa mkono, wala usikate pale pale kinaposhikana na fremu. Kata mbali kidogo, bakiza kisiki, kisha kisugue kisiki kwa msasa taratibu mpaka kiishe.

Halafu toa chumba cha marubani chote nje. Funga pande mbili za bodi zikiwa tupu, kwa utepe wa karatasi, ule wa mafundi rangi wa magari. Weka vioo mahali pake bila gundi na bila kubana. Inama mpaka macho yawe usawa wa meza, taa ikiwa upande wa pili. Mwanga ukipita chini ya ukingo wa kioo, utauona.

Vikikaa vizuri, na nadhani vitakaa, umeshajua kwamba bodi haina kosa. Rudisha chumba cha marubani bila chubwi, tazama kioo tena. Rudisha na chubwi, tazama tena. Utaona mwenyewe ni kipi kilichokiinua kingine. Mimi nazishuku chubwi: zimeinua sakafu, sakafu imeinua viti na ukuta wa nyuma, ukuta umepanda hadi pale bodi inapoanza kuwa nyembamba, ukazitanua mbavu. Kwenye kipimo cha 1/72, nusu milimita ni sawa na milimita 36 za helikopta halisi. Huhitaji kuinua sana ili kioo kikose pa kukaa.

Ikiwa hata bila chubwi bado bodi inasukumwa, tafuta panapogusa. Hapa nakuletea kifaa cha kazini kwangu. Mgonjwa akivalishwa meno mapya, hakuna anayekisia yanagusana wapi. Hung'atishwa karatasi nyembamba ya bluu. Panapogusa kupita kiasi panabaki doa, na doa ndilo linalosagwa, si jino zima. Wewe chukua karatasi ya kaboni ya kitabu cha risiti, kata kipande chembamba, kiweke kati ya ukingo wa ukuta wa ndani na ubavu wa bodi, upande wenye wino ukitazama ukuta. Funga bodi, bana kidogo, fungua. Utaona doa kwenye ukingo wa ukuta. Kwangua hapo tu, kwa ubapa wa wembe au msasa namba 400, mara mbili tatu, kisha rudia. Usipunguze ukingo wote kwa kuhisi, maana ukishapunguza pasipogusa, chumba kitaanza kucheza na kioo kitahama upande mwingine. Na unapopunguza, punguza kile cha ndani kisichoonekana. Ubavu wa bodi usiuguse. Ndio unaoshika sura ya nje.

Kuhusu chubwi zenyewe. Uzito si lazima ukae puani. Kinachotakiwa ni uwe mbele ya magurudumu makuu, na kadiri ulivyo mbele ndivyo unavyohitaji kidogo. Nyuma ya ukuta wa rubani, juu ya dari ya chumba cha askari, kuna nafasi isiyoonekana kabisa. Zigonge chubwi kwa nyundo mpaka ziwe bapa, zipinde zifuate nafasi, uzijaribishe kwanza kwa utepe huku bodi imesimama kwenye magurudumu. Chubwi ni za risasi, na madini hayo ni sumu: usiipige tupa ikatoa vumbi, na unawe mikono kabla ya kushika chakula. Na tafadhali, usiigandishe kwa gundi nyeupe ya maji. Asidi iliyomo kwenye gundi hiyo huila risasi polepole, ikatoa unga mweupe unaovimba, na baada ya miaka kadhaa uvimbe huo huupasua mshono kutoka ndani. Tumia epoksi, ile ya mirija miwili.

Sasa, ikitokea kwamba kioo hakikai hata bodi ikiwa tupu, hapo plastiki yenyewe imepinda. Plastiki hutolewa kwenye kalibu ingali na joto, na sehemu nene hupoa na kusinyaa baadaye kuliko nyembamba, kwa hiyo upande mrefu usio na kitu cha kuushika ndani hujikunja kidogo. Mkia wa helikopta na mbavu za milangoni ndizo zinazoumia zaidi. Chemsha maji, yateremshe, yaache yatulie dakika chache, kisha chovya sehemu iliyopinda, inyooshe kwa vidole na uishikilie chini ya maji baridi. Maji yanayotokota usiyatumie. Polistirini hulegea karibu na nyuzi 100, na sura ikishapotea hairudi. Kioo kikiwa kipana kuliko bodi, kata kijiti cha fremu, kisugue ncha mpaka kiwe na urefu sawasawa, ukisimamishe ndani kati ya ubavu na ubavu kuitanua bodi. Bodi ikiwa pana kuliko kioo, punguza kuta za ndani kwa ile njia ya kaboni, na mipira ya kufungia pesa itaibana.

Vyote vikikubali bila gundi, ndipo utie gundi, na usiitie yote kwa mara moja. Anza nyuma tu ya kioo cha rubani, sentimita chache za mgongo, gundi ya majimaji ya plastiki kwa brashi nyembamba, kioo kikiwa mahali pake kwa utepe ili kiendelee kukupa kipimo. Gundi hiyo huyeyusha nyuso mbili zikawa kitu kimoja, kwa hiyo bana mpaka utone mwembamba wa plastiki laini uchungulie kwenye mshono, kisha acha. Usiukwangue ukiwa laini. Ukikauka utaukata kwa wembe na mshono utakuwa umejizibia wenyewe. Kesho yake endelea na mgongo kuelekea mkiani, kisha pua, na tumbo liwe la mwisho. Kosa lolote dogo lililobaki utalisukumia huko chini, ambako hakuna anayetazama.

Habari za kazi Mama. Ninaunganisha Huey ya 1/48. Mkia na bodi haviko sawa, nikajaza fila ya magari ile ya kuchanganya. Nimepiga msasa mpaka riveti zote zimeisha, na bado ukipitisha kucha unasikia kidaraja. Nimekosea wapi? (Msomaji, Nakuru)

Nzuri mwanangu. Tofautisha mwanya na kidaraja. Mwanya ni nafasi kati ya vipande viwili vilivyo sawa kwa kimo. Kidaraja ni kimoja kuwa juu ya kingine, na hapo fila haina la kufanya, kwa sababu ili uufiche ukingo wa juu lazima upake mteremko mrefu juu ya ule wa chini, na mteremko huo ndio uliokula riveti zako.

Dawa ya kidaraja ni kukiinua kile cha chini kabla ya gundi. Tafuta kikombe cha mtindi chenye alama ya pembetatu na namba 6 chini yake; hiyo ni polistirini, ndugu ya plastiki ya sanduku lako, na gundi ileile inaishika. Kata vipande vyembamba, uvigundishe ndani kwenye shingo ya mkia pale unapoingia, upande ulio chini, mpaka kucha ipite bila kukwama. Ni kazi ya jioni moja na haiharibu riveti hata moja.

Kwa ulipofikia, sikushauri ubomoe. Bandika utepe pande zote mbili za mshono, karibu kabisa, usugue katikati tu kwa msasa uliozungushiwa kijiti kigumu, si kidole. Kidole hufuata shimo, kijiti hukwea juu yake na kusawazisha. Riveti zilizopotea zirudishe kwa ncha ya sindano iliyotiwa mpini, ukifuata ukingo wa utepe upate mstari ulionyooka.

Na jambo moja ambalo litakupunguzia kazi: mkia wa Huey halisi ni kipande kinachojitegemea, kimefungwa kwenye bodi kwa bolti nne. Mstari wa maungio upo kweli. Ukiufuta usionekane kabisa umeifanya helikopta isiyo ya kweli. Sawazisha kimo, kisha upitishe tena mstari mwembamba kwa ncha ya kisu.

Fila ya magari siikatazi. Ipake nyembamba, tabaka juu ya tabaka, maana ikiwa nene dawa iliyomo hulainisha plastiki iliyo chini. Ila kwa mianya midogo mimi napendelea fila ya kujitengenezea: vipande vya fremu ya sanduku hilohilo vilivyokatwakatwa na kuachwa usiku kucha kwenye gundi ya majimaji mpaka iwe uji mzito. Ikikauka ni plastiki ileile, rangi ileile, ugumu uleule, na msasa hauioni tofauti. Ipe siku kadhaa kabla ya kuigusa, inasinyaa kidogo. Mwenye haraka achanganye supaglu na poda ya mtoto, lakini aipige msasa siku hiyohiyo. Ikilala inakuwa ngumu kuliko plastiki iliyo pembeni yake na utasugua pasipotakiwa.

Asalaam aleikum Bi Fundi. Vioo vya milango ya helikopta yangu nilivibandika kwa supaglu kwa kuwa vilikuwa havishiki. Asubuhi nimekuta vyote vina ukungu mweupe. Vitapona? (Msomaji, Mombasa)

Waalaikum salaam. Vitapona, ukungu uko juu ya kioo, haujaingia ndani. Supaglu inapoganda hutoa mvuke, na mvuke huo hutua na kuganda pale unapokuta unyevu. Hewa yenu ya pwani huuzidishia.

Nenda kwa wauza rangi za magari uchukue msasa wa maji namba 2000. Lowesha, sugua kwa mizunguko midogo mpaka kioo kiwe na weupe wa aina moja, usiogope. Kisha paka dawa ya meno nyeupe ya kawaida kwenye kitambaa cha fulana ya pamba, usugue mpaka kiangaze. Upande wa ndani ukiwa haufikiki, toa kioo: ingiza ncha ya wembe kwenye kona, supaglu ni dhaifu kwa kupindwa na itaachia yenyewe.

Kisha virudishe kwa gundi nyeupe ya seremala. Haina mvuke, ikikauka haina rangi, na ikichafua unaifuta kwa pamba yenye maji. Usemi wako kwamba "vilikuwa havishiki" unanionyesha kwamba vilikuwa vidogo kuliko matundu, na gundi ilikuwa inabeba kazi ya kipimo. Basi kata vipya. Kasha la CD ni polistirini angavu, bapa na safi kuliko vioo vingi vya masandukuni. Weka kioo cha zamani juu yake, chora kwa ncha ya kisu kikubwa kidogo kuliko tundu, pitisha kisu mara kadhaa, uvunje kwenye ukingo wa meza, usugue mpaka kiingie kwa kubanwa kidogo. Kabla hujakiweka, paka ukingo wa tundu rangi ya ndani ya helikopta. Ukingo mtupu wa plastiki hung'aa nyuma ya kioo na kuufanya mwanya mdogo uonekane mkubwa.

Mama, hapa Kampala nimemaliza Mi-24. Kila kitu kimekaa, lakini ukiitazama kutoka mbele imeegemea kushoto, na mlingoti wa mapanga hauko wima na bodi. Nimepima miguu, haiko sawa. Nataka kukata mguu mmoja. Rafiki yangu anasema kalibu ilikosewa. (Msomaji, Kampala)

Weka msumeno chini mwanangu! Hilo ndilo swali lililonifurahisha kuliko yote, kwa sababu uliloliona wengi hawalioni.

Mi-24 halisi imeegemea. Mlingoti wa rafadha yake, yaani mapanga yanayozunguka juu, umeinamishwa nyuzi 2.5 kwenda kulia ukilinganisha na bodi. Helikopta yenye rafadha moja juu na ndogo mkiani ina tabia ya kuvutwa pembeni inaposimama hewani: rafadha ya mkiani inazuia bodi isizunguke, lakini kwa kufanya hivyo inaisukuma helikopta yote upande. Watu wa ofisi ya Mikhail Mil, walioibuni Mi-24, waliuinamisha mlingoti ili kuupinga msukumo huo. Kisha wakaitengeneza miguu isiwe sawa, ili ikiwa ardhini mapanga yawe tambarare, na bodi ndiyo ilale kushoto. Hata bapa la wima la mkiani halifanani pande mbili. Limeumbwa lisukume upande helikopta inapokimbia, kuipunguzia kazi rafadha ya nyuma. Ukienda kuitazama moja ya zile za jeshi lenu kutoka mbele kabisa, utaliona.

Kwa hiyo aliyechonga kalibu yako alikuwa makini, na ukikata mguu utaifuta kazi yake. Unachopaswa kupima ni kama mapanga yako tambarare na meza. Kipenyo cha rafadha kuu ni mita 17.3, kwa 1/72 ni sentimita 24. Nyuzi 2.5 kwa upana huo ni takriban sentimita moja kati ya ncha na ncha. Chukua rula, pima kimo cha ncha ya panga moja likiwa kulia kabisa, kisha lizungushe hadi kushoto kabisa upime tena. Vimo viwili vikiwa sawa kutoka mezani, umefaulu. Tofauti ikikaribia sentimita moja, mlingoti umekaa wima na bodi na ulitakiwa kuinamishwa kulia. Tundu lake ndilo la kurekebisha, si miguu.

Mapanga ni matano, kwa hiyo kati ya moja na jingine kuna nyuzi 72. Chora duara la sentimita 24 kwenye karatasi, ligawe kwa kipimapembe, weka kitovu katikati na ugundishe kila panga juu ya mstari wake. Hapa ndipo jicho linapodanganya sana. Panga moja likikosea nyuzi tatu tu, helikopta nzima inaonekana imechoka. Mabawa mafupi ya ubavuni nayo yameinamia chini, na hayo ni lazima yafanane: kata pembe ya kadi ngumu kufuata bawa moja, uitumie ileile kwa la pili gundi ingali laini.

Jambo Mama. Niko Bunia. Naunganisha Mi-8 ya 1/72 nataka iwe nyeupe kama zile za UN zinazopita hapa. Nimeshafunga bodi, na dirisha moja la duara limeanguka ndani, nasikia linagonga. Halafu rafadha ya mkiani kwenye picha ya sanduku iko kulia, na zile ninazoziona hapa iko kushoto. Sanduku limekosea? (Msomaji, Bunia)

Jambo mwanangu, na salamu kwa wote wa Ituri.

Bodi usiifungue. Isimamishe mkia ukiwa chini, igonge taratibu mpaka dirisha liteleze ndani ya mkia, kisha dondoshea matone machache ya gundi nyeupe kupitia tundu la mlingoti, na uiache imesimama hivyo usiku kucha. Litatulia huko. Mahali pake utatengeneza jipya kutoka nje: chovya ncha ya kijiti cha meno kwenye gundi nyeupe nzito, izungushe kwenye ukingo wa tundu, kisha vuta kijiti katikati ili utando uzibe. Utakuwa mweupe mwanzoni, asubuhi utakuwa angavu. Madirisha ya Mi-8 kwa kipimo chako yako karibu na mwisho wa ukubwa ambao utando unaweza kushika, kwa hiyo ukipasuka rudia kwa gundi nzito zaidi. Mimi kwa Mi-8 hufanya yote ya duara hivyo, baada ya rangi, na siweki hata moja la sanduku. Hayazami ndani wala hayatokezi nje ya ubavu, na hakuna la kuanguka.

Sanduku halijakosea, limetengeneza toleo jingine. Mi-8T ya zamani ina rafadha ya mkiani upande wa kulia. Ilipotiwa injini zenye nguvu zaidi ikawa Mi-8MT, ile inayouzwa nje kwa jina la Mi-17, rafadha ilihamishiwa kushoto. Zile unazoziona angani kwenu ni za ukoo huu wa pili. Kuhamisha si kazi kubwa: kata kitovu cha kulia, ziba tundu kwa kijiti cha fremu kilichotiwa gundi, ukisawazishe, kisha toboa upande wa kushoto kwa kimo kilekile. Usihamishe rafadha kama ilivyo ukaigeuza tu. Tazama picha za Mi-17 uone ukingo mnene wa mapanga unaelekea wapi. Utaona pia kwamba nyingi zina vichujio vya vumbi vya mviringo mbele ya injini, vinavyofunika matundu ya kuingizia hewa. Sanduku la Mi-8T mara nyingi halina. Nusu mbili za shanga kubwa ya plastiki, zikisuguliwa bapa kwa nyuma, zitakusaidia kuanzia.

Na kwa kuwa rangi yako ni nyeupe, kwanza nyunyiza kijivu hafifu bodi nzima. Nyeupe ina mwanga mwingi, kila mshono uliobaki utauona wakati umechelewa. Kwenye kijivu utauona mapema na utaurudia. Nyeupe yenyewe ipake kwa tabaka nyembamba nyingi, na kila moja ikauke kabla ya nyingine. Herufi za UN ni nyeusi. Kata mwanya wake kwenye utepe wa karatasi, uukandamize kingo zake kwa kucha, upitishe nyeupe kidogo tena juu ya utepe ili izibe kingo, ndipo upake nyeusi.